Karatasi Juu ya Lebo

Nyumbani,
Tarehe 3, Jumanne asubuhi

Kwa Kaka,

Salamu nakupa kwa sababu barua haianzi bila salamu, si kwa sababu zimenitoka moyoni. Natumaini u mzima, mgongo haukusumbui, na lile jino la nyuma ulishaling'oa. Ukitaka kujua za huku, humu ndani tupo watatu na sote tunaamka, tunakula na tunalalamika kama kawaida. Shemeji yako bado yuko kwenye kiwanda cha mikate na bado anarudi na unga kwenye nyusi. Mimi bado nachonga funguo palepale, mlango wa pili kutoka kwa fundi redio. Paa linavuja upande uleule uliokuwa ukiahidi kuuziba kabla hujaondoka. Hayo ndiyo ya afya na maendeleo. Sasa adabu tuiweke kando.

Barua yako niliipata wiki mbili zilizopita. Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, halafu nikampa shemeji yako anisomee kwa sauti, labda ingepata maana nyingine kinywani mwa mtu mpole. Haikupata. Unasema unakuja tarehe ishirini. Hukuuliza kama tutakuwepo, hukuuliza kama nakutaka, unakuja tu. Na unakuja kwa mambo mawili. La kwanza ni santuri ya Baba, ile ndogo, ya pekee, uitie kwenye mkusanyiko wako wa pili. La pili ni picha ya kaburi lake, iwekwe ukurasa wa mwisho wa kijitabu kinachouzwa pamoja na mkusanyiko. Ukaniagiza na nyasi nikate, ili jina lisomeke, na ukanieleza kwamba mwanga wa asubuhi ndio unaofaa. Ebo! Mwanga wa asubuhi! Picha hiyo umeniomba mara tatu kwa barua, na mara sijui ngapi kwa ujumbe unaouacha baada ya simu nisizopokea, na kila mara nimejitia hamnazo. Safari hii nakujibu. Santuri sikupi. Picha ya kaburi hutaipata, hata ukija na wapiga picha kumi na ngazi. Soma mpaka mwisho utajua kwa nini, na usiruke mistari kama unavyoruka nyimbo zisizokupendeza.

Usidhani mkusanyiko wako wa kwanza hatukuusikia. Fundi redio aliletewa na mteja mmoja, pamoja na mashine ya santuri iliyokatika mkanda, ili akishaitengeneza aijaribu kwa kitu kizuri. Ilikuwa saa nne asubuhi. Nimebana ufunguo wa kabati la mwalimu mmoja kwenye mashine yangu, nikasikia gitaa linaingia kwa mkwaruzo, halafu besi, halafu tarumbeta mbili zinazokatizana kama watu wanaogombea mlango mmoja. Nilizima mashine. Nikaenda nikasimama mlangoni kwake na miwani ya kazi usoni, na sikuondoka mpaka upande wa kwanza ukaisha, akaugeuza, na wa pili nao ukaisha.

Nyimbo kumi na nne, Kaka. Niliomba nikute hata mmoja mbovu nipate pa kukutukania. Sikuukuta. Ule wa tatu wenye wanawake wawili wanaomjibu mpiga kinanda kwa kejeli, mimi nacheka peke yangu hadi leo nikiukumbuka. Ule wa saba hauna maneno kabisa, kuna mtu anahema tu, lakini ukiusikia unajua ana hasira na nani. Na jinsi ulivyouweka ule wa polepole baada ya ule wa fujo ili mtu apumue, hiyo ni kazi ya mtu anayejua kusikiliza. Fundi redio alicheza mabega mpaka akajiunguza kidole kwa chuma chake cha kuchomea risasi. Masikio unayo, hilo nakupa, na sitalirudisha. Ndilo lililonipandisha hasira zaidi, kwamba mwenye masikio ya namna hiyo alishindwa kutusikia sisi.

Wa kumi na moja ukawa wetu. "Suuza Tena", ya Mapovu, bendi ya kiwanda cha sabuni, watu sita waliovaa maovaroli siku za kazi na mashati ya kung'aa Jumamosi. Nilijua hapohapo kwamba hukuutoa kwenye santuri, umeutoa kwenye kanda ya Mzee Besi, mpiga besi wao, kwa sababu ya kile kikohozi cha mwanzo na ule mvumo kama wa maji yanayochemka. Lakini dramu ni ya Baba. Ningeitambua hata kupitia ukuta. Halafu pale katikati kila kitu kinanyamaza, mapigo manne mazima hakuna kitu, na dramu inarudi kwa kishindo mpaka sindano inatikisika. Nililia, Kaka. Nililia mbele ya fundi redio na mteja wake, na miwani ya kazi ikajaa ukungu. Ufunguo wa mwalimu niliuharibu, ikabidi nichonge mwingine.

Basi ningeishia hapo, ningekusamehe nusu. Lakini yule mteja akanipa kijitabu.

Nilikisoma chote. Loh! Kwanza picha yako, umechutama katikati ya kreti mbili za santuri, umeinamisha kichwa kama mtu anayesali. Kreti zile nazijua. Moja ina mpini uliofungwa kwa waya, niliufunga mimi. Umeandika kwamba santuri hizo uliziokoa. Uliziokoa kwa nani? Zilikuwa zimewekwa wima kwenye kabati la sebuleni, kila moja na ganda lake, na Baba alikuwa akizipangusa kila Jumapili kwa kitambaa cha fulana. Ulipokuja kuzichukua ulisema unakwenda kuzisafisha kwa mashine ya kisasa, utazirudisha baada ya miezi miwili. Baba alikushikia mlango. Alikubebea na ile nzito mwenyewe hadi kwenye gari, mzee wa watu, huku wewe unampa maelekezo asiiinamishe. Miaka sita sasa. Lazima zitakuwa safi sana.

Halafu umeandika nusu ukurasa, nimehesabu mistari ishirini na mitatu, kuhusu ule ukimya wa mapigo manne. Umesema ni pumzi ya fundi mkuu. Umesema hapo ndipo Baba alipowafundisha wapiga dramu wote waliomfuata kwamba kunyamaza nako ni kupiga. Umesema ulilelewa ndani ya ukimya huo. Mimi nililelewa nyumba hiyohiyo na ukimya sikuwahi kuuona, wewe na Baba mlikuwa mkipigishana kelele kutwa kuhusu nani kaacha sindano kwenye santuri.

Na mwisho wa kijitabu, majina. Mpiga dramu, marehemu baba yangu. Mpiga besi, hajulikani aliko.

Hajulikani aliko! Mzee Besi anakaa nyumba ya nne kutoka hapa, pale alipokaa tangu hujazaliwa. Kila siku saa kumi jioni anatoa kiti nje na kukaa. Anayemtafuta hana haja ya kuuliza, ataukanyaga mguu wake. Alikuja hapa na kijitabu mkononi ametoa macho, akaniuliza kama yeye ni mbuzi hata apotee. Akakumbusha kwamba kanda ile alikuazima kwa wiki moja, na kwamba ulipoichukua ulikunywa chai kwake vikombe viwili. Nilimwomba radhi kwa niaba yako, maana ndiyo kazi uliyoniachia. Alipofika kwenye zile sifa zako za ukimya alisoma mara mbili, akafunga kijitabu, akaanza kutetemeka mabega. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Nilimuuliza kuna nini akasema hilo si lake kulieleza.

Sasa nikurudishe nyuma kidogo, kwa sababu nataka ukifika kwenye jambo lenyewe uwe unakumbuka nani alinifundisha.

Unakumbuka Jumamosi zetu? Mimi na miaka kumi na moja, wewe kumi na saba. Tulikuwa tunaingia kila mahali palipokuwa pakifungwa au pakihamwa, hoteli iliyofilisika, shule inayotupa vitu vyake, nyumba ya mtu aliyehamia kwa watoto wake. Wewe unauliza kama kuna santuri, mimi nashika mfuko. Ulinifundisha kuishika kwa viganja, kidole kisiguse uso wake. Ulinifundisha kuilaza mkabala na dirisha ili mwanga uonyeshe michubuko, na kusoma zile herufi zilizokwaruzwa karibu na lebo, maana mara nyingine lebo imetoka lakini zile hazidanganyi. Muziki wa fanki ulikuwa ukiunusa. Ulikuwa ukiona tu jina la kiwanda au la jeshi la zimamoto kwenye lebo unasema hawa lazima walikuwa na mpiga besi mwenye matatizo. Nami nilikuwa nikikuamini mpaka nikaona hakuna mtu duniani anayejua kitu zaidi yako. Nilikupenda, Kaka. Liandike na hilo kwenye kijitabu.

Na unamkumbuka yule daktari wa meno. Mkusanyaji mwenzako, adui yako, mwenye gari na muda. Kila ukipiga santuri mpya kwenye sherehe alikuwa anajipenyeza hadi kwenye mashine, anachungulia lebo inavyozunguka, kesho yake ameshatuma watu wamtafutie. Ndipo ukaanza mtindo wa karatasi. Tulikoroga unga na maji ya moto kwenye kopo la rangi, tukakata karatasi duara, tukaibandika juu ya lebo, na wewe ukaandika jina la uongo kwa kalamu ya wino. Moja uliiandika nyimbo za kubembeleza watoto za kwaya ya wauguzi. Daktari wa meno aliitafuta kwaya ile mwaka mzima. Alikwenda mpaka hospitali mbili kuwauliza wauguzi. Tulicheka mpaka tukaketi chini. Ukaniambia kwamba kitu cha thamani usikifiche, kwani anayekitaka atakipekua. Kibandike jina ambalo hatalitaka, atakipita mwenyewe.

Nililishika somo. Siku uliyokuja na gari kuchukua kreti, ile santuri ndogo ya Baba ilikuwa humohumo kabatini, nimeibandika karatasi tangu usiku uliotangulia. Niliandika Mazoezi ya Kusoma, Darasa la Pili. Vidole vyako viliipita mara mbili. Nilikuwa nimesimama nyuma yako nimeshika pumzi. Baba mwenyewe ndiye aliyekuambia baadaye kwa simu kwamba ipo, maana yeye kuficha kitu hawezi, na wewe ukavimba wiki nzima. Hapo ndipo ulipojua kwamba kati ya santuri mia moja zilizochapwa, ghala lilipoungua, ilibaki moja, na kwamba moja hiyo inakaa kwa mdogo wako mchonga funguo. Tangu siku hiyo hukuwahi tena kuniuliza hali kabla ya kuniuliza hiyo.

Haya. Tufike.

Miaka minne iliyopita Baba alianguka bafuni. Upande wa kulia wote ukafa ganzi, mdomo ukaenda upande, maneno yakamkwama. Nilikupigia siku hiyohiyo kutoka hospitali. Ulisema uko kwenye maonyesho ya santuri, yanakwisha Jumapili, utakuja. Siku ya tatu ukapiga wewe. Nilikuwa kwenye lile benchi la korido, nina nguo za Baba kwenye mfuko wa plastiki magotini, na mbele yangu kuna saa ya ukutani. Kwa hiyo nakuambia kwa ushahidi. Habari za Baba uliniuliza kwa muda wa kumeza mate. Habari za santuri uliniuliza dakika saba. Imewekwa wima au imelazwa? Jua la dirishani halifiki? Nani mwingine ana ufunguo wa nyumba? Mimi mchonga funguo unaniuliza nani ana ufunguo! Ukasema katika hali kama hizi watu huingia wakabeba vitu, kwa hiyo niipeleke mahali salama kabla ya jambo lolote.

Kabla ya jambo lolote. Nilijua jambo lenyewe ni lipi. Damu ilinipanda mpaka nikaona korido nyeupe tupu. Nikakuambia Baba amefariki, tumezika jana.

Kaka, kama umesimama kaa chini. Baba hajafa. Hakufa siku ile, hakufa baadaye, na sasa hivi ninavyoandika yuko chumba cha pili ananung'unika kwamba redio inaongea sana na kupiga muziki kidogo. Yeye ndiye wa tatu niliyemhesabu pale mwanzo. Kaburi unalotaka kulipiga picha asubuhi, nyasi zikiwa zimekatwa, halipo popote.

Sikupanga idumu. Haki ya Mungu nakuambia, nilitaka uje. Nilijua kwa mgonjwa huji, nikasema kwa msiba utakuja. Nilishaiona yote kichwani, unafika mlangoni na uso wa matanga, nakushika mkono nakupeleka kitandani, unamkuta anakutazama, nakutukana mbele yake mpaka nichoke, halafu tunakaa wote watatu. Siku mbili tu za uongo, basi. Nawe ulilia. Sitakunyima hilo. Ulilia kama siku ile mbwa wa jirani alipokuuma, kwa sauti, bila aibu, na mimi nikafungua kinywa niseme ni uongo, ninakudanganya, yuko hapa ndani anameza uji. Ukapenga kamasi. Ukasema kwa kuwa tumeshazika, basi hakuna la kuwahi tena, utakuja mambo yakitulia. Nikafunga kinywa. Nikasema moyoni, kama hakuna la kuwahi, basi hakuna.

Baada ya wiki lilikuja shada lako la maua. Lile kubwa, lenye utepe wa kumtakia apumzike kwa amani. Utepe niliukata kwa mkasi nikautia mfukoni, maua nikayaweka kwenye ndoo kando ya kitanda chake. Aliuliza nani kaleta, nikasema wewe. Aliyatazama siku tisa mpaka yalipoanza kunuka, na akanikataza kuyatupa.

Kutoka hapo uongo ukawa unajiendesha wenyewe, mimi kazi yangu ilikuwa kuufuata tu. Simu zako siachi kupokea kwa kiburi, kama ulivyoandika. Sipokei kwa sababu Baba hukohoa, na kikohozi chake ungekitambua, si ndicho kiko mwanzo wa kanda ya Mzee Besi? Kwa Mzee Besi na wenzake sikuwa na wasiwasi, ulishawakosea wote wewe mwenyewe, hakuna aliyekutafuta, na Mzee Besi alipoliona neno marehemu kijitabuni nilimsihi asimwambie Baba. Na kwa Baba nimekutungia salamu. Miaka minne kila Jumapili namwambia umepiga nikiwa kazini, unamsalimu, unauliza mguu unaendeleaje, unakuja kazi ikipungua. Nilikufanya mtoto mzuri kuliko ulivyo. Mara nyingine nilikuwa natunga salamu tamu mpaka nakuonea wivu.

Kwa hiyo nilimbandika Baba karatasi, Kaka. Nilikoroga unga wangu nikaandika neno ambalo nilijua hutalitaka, ukampita. Nawe ukalichukua neno hilo ukalichapisha kwenye kijitabu, wino mweusi, marehemu baba yangu, ukalieneza kila nchi inayouza santuri. Daktari wa meno alizunguka hospitali mbili. Wewe umezunguka dunia. Nilidhani siku nitakayokuambia nitafurahi. Sifurahi.

Ningeendelea kukwepa, usidanganyike kwamba dhamira imenisuta. Ni redio. Jumapili ya wiki iliyopita, baada ya chakula cha mchana, mtangazaji akasema ana mkusanyiko mpya wa fanki adimu, akapiga "Suuza Tena". Baba alikuwa kitini. Kidole chake cha kushoto kikaanza kugonga mkono wa kiti, sawasawa na dramu, hakikukosea hata pigo moja, nami nikaganda na sufuria mkononi kwa sababu nilijua kinachofuata. Wimbo ukaisha, mtangazaji akafungua kijitabu akasoma. Aliyasoma maneno yako yote, ya ukimya na ya marehemu, na akasema yameandikwa na mtoto wa mpigaji mwenyewe. Shemeji yako akabeba sahani yake akatoka nje. Miaka minne ananisihi niseme, na juzi alishaniambia kwamba tarehe ishirini yeye hasimami mlangoni kunisaidia uongo.

Baba maneno yalimrudia nusu, anayatoa moja moja kama mtu anayetoa miiba. Aliniuliza nani kamuua.

Nilipiga magoti nikamwambia. Yote, benchi, dakika saba, maua, salamu. Nilitegemea anifukuze. Alinyamaza muda mrefu kuliko huo ukimya wako wa mapigo manne, halafu akauliza kama ulilia. Nikamwambia ulilia. Akauliza tena, nikamwambia tena, ulilia sana. Akataka kujua ulilia vipi. Nikamweleza habari ya mbwa wa jirani. Akafumba macho, akasema mtoto wake amefiwa miaka minne bila sababu, na kwamba mimi na wewe wote tuna vichwa vya mama yetu. Tangu siku hiyo haongei nami ila kwa mahitaji. Ameniamuru niandike, na kila asubuhi ananiuliza kama nimeandika. Nimeandika.

Kwa hiyo nisikilize. Nimekosa. Neno hilo nimeliandika mara moja, usitegemee niliimbe. Nilikuibia miaka minne ya baba yako na nilimwibia yeye miaka minne ya mtoto wake, na hakuna fundi wa kuichonga tena. Wewe nawe ungekuja siku ile, hata kwa kaburi tu, ungemkuta. Hilo libebe mwenyewe, mimi langu ni zito tayari.

Tarehe ishirini njoo. Nitakuwa mlangoni, na kukutukana nitakutukana vilevile, usifikiri barua hii imenimaliza. Njoo na kreti zote mbili. Njoo na kanda ya Mzee Besi, na umpitie yeye kwanza, kiti chake kiko nje, umwambie kwamba sasa anajulikana aliko. Kamera unaweza kuja nayo. Santuri haiko kwangu tena, karatasi nimeibandua kwa maji ya uvuguvugu na nimempa mwenyewe, yuko nayo kwenye mto. Ukiitaka muombe yeye, kwa mdomo wako, naye akujibu kwa wake.

Shemeji yako anakusalimu, anasema atakuwekea mkate wa moto. Fundi redio anakusalimu, kidole kimepona. Mimi nakusalimu kwa sababu barua haifungwi bila salamu, na safari hii kidogo imetoka moyoni, kidogo sana.

Ni mimi mdogo wako,
Mshika Mfuko

Hapa chini Baba ameandika mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, baada ya kunifanya nimsomee zile sifa zako mara tatu. Alicheka mpaka nikamletea maji. Imemchukua mchana kutwa na hataki niongeze wala nipunguze.

"Mwanangu. Pale kwenye ukimya nilidondosha kijiti. Njoo nikueleze."